Medali Ndani ya Busaa

Jirani wa Mzee Lomuria, aliyestaafu jeshi la majini juzi tu, alitumbukiza medali yake mpya ndani ya kikombe cha busaa, akaacha utepe ukining'inia nje.

"Kule melini tulikuwa tunafanya hivi," akawaambia wageni waliojaa kwake Kiwanjani. "Mwenye medali anakunywa mpaka aiguse na meno. Sasa mimi daktari amenikataza pombe. Mzee Lomuria, wewe uliwahi kushika bunduki. Ninywee."

Eti uliwahi! Miaka kumi na tisa Lomuria alikuwa polisi wa akiba kule Kipsing, akilinda ng'ombe za watu bila mshahara. Kila mkubwa aliyekuja na gari aliandika jina lake, akaahidi medali, akaenda zake. Mkewe alikufa bado anauliza, "Na ile yako, imefika?" Na huyu wa kula samaki amevishwa yake mbele ya bendi, bibi yake akipiga vigelegele.

"Kunywa, mzee! Ama busaa imekushinda?" mtu akamtania.

Lomuria akainua kikombe, akanywa bila kupumua. Chuma kikagonga meno. Akaifunika medali na midomo, akashusha kikombe.

Watu wakapiga makofi, wakacheka kuona utepe umemning'inia kidevuni.

"Haya mzee wangu, lete sasa," jirani akasema, mkono ameunyoosha.

Lomuria akatikisa kichwa.

Jirani akaushika utepe, akavuta polepole. Kicheko kikaisha.

Lomuria akaiuma medali.