Kipande cha Mzee na Kuku

Kwenye televisheni ya saluni, Magreth alikuwa anamsukuma mzee wa watu kwa mara ya tatu asubuhi hiyo.

"Rudisha tena," alisema Brightness, kichwa kimejaa rola.

Joyce, mwenye saluni, akarudisha. Magreth mwenyewe alikuwa ameketi mbele yake, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado. Kucha zake zilikuwa zimepakwa rangi muda si mrefu, kwa hiyo hata kujifunika uso hakuweza.

Kwenye filamu anaitwa Vanesa, mke wa tajiri. Anashuka kwenye gari hapo stendi ya Mikumi, miwani myeusi usoni. Mzee anamjia na kuku mkononi. "Mwanangu, mama yako anakusalimu." Vanesa anamtazama juu mpaka chini. "Mzee, umepotea. Mimi sikufahamu." Anamsukuma. Kuku anaanguka, mzee anainama kumwokota.

"Kweli mwacha asili ni mtumwa," Joyce alisema. "Ile ya wiki iliyopita, ya mchawi, nilisinzia. Ile ya askari ndiyo takataka kabisa. Mtu kapigwa risasi sita, jioni anafunga ndoa! Lakini hii, Magi, nilitamani niingie humo ndani nikuchape."

"Mimi simsifii huyu," Brightness alidakia. "Samahani, shoga, wewe unaigiza kawaida. Anayeibeba filamu ni mzee. Hatazami kamera hata mara moja. Na machozi yale si ya kitunguu."

"Halafu kandambili! Moja nyekundu, moja bluu. Aliyemvalisha apewe zawadi."

Magreth alicheka, kicheko kikaishia njiani. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Tangu filamu itoke, mama mmoja sokoni aligoma kumuuzia nyanya, na kanisani wanakwaya walimwita Vanesa. Ndivyo tulivyo. Ukiigiza malaika hakuna anayekukopesha sukari, ukiigiza shetani unanyimwa nyanya.

Lakini hakulalamika. Mwaka jana tu alikuwa anauza vitunguu palepale stendi. Mwongozaji alipomchagua, alimpa onyo moja: "Kamera ikishawaka, litokee litakalotokea, usisimame. Anayeniharibia kipande anarudi kwenye vitunguu vyake."

Magreth hakusimama. Kipande kilipokwisha, mwongozaji alimkumbatia mbele ya wote, akamsifu kwa ubunifu.

"Yule mzee umemtoa wapi?" mwongozaji akamuuliza.

"Nimemwokota tu hapa stendi," alijibu.

Sasa sehemu ya pili ilikuwa inaanza Jumatatu, Kilosa mjini. Ujumbe wa mwongozaji ulikuwa kwenye simu yake tangu jana: Njoo na yule mzee. Bila mzee, nafasi yako nampa mwingine.

"Umeshampigia?" Joyce aliuliza.

"Bado."

"Tangu jana! Unataka kurudi kwenye vitunguu? Unaogopa nini?"

"Naona aibu, dada Joyce." Alisema akiangalia sakafu. "Siku ile hata maji ya kunywa sikumpa. Nilipomaliza kazi nikamtafuta stendi nzima. Wakaniambia ameshapanda gari la Masanze."

"Ndiyo maana wazee wanawakimbia," Joyce alisema na kuvuta suko kwa nguvu. "Mtu kafanya kazi nzuri namna ile, anaondoka na kiu! Mpigie, umwombe radhi, umwambie Jumatatu kuna kazi."

"Rangi ya kucha haijakauka."

Brightness alizigusa kucha zile kwa kidole. Zilikuwa zimekauka zamani. Akaichukua simu ya Magreth mezani, akaishika tayari. "Haya, taja namba."

Magreth aliitaja polepole, tarakimu moja moja, macho ameyafumba. Brightness akabonyeza na kuweka spika. Joyce akazima sauti ya televisheni, naye asipitwe.

Simu iliita muda mrefu. Magreth aliomba kimoyomoyo isipokelewe, kisha akaomba ipokelewe, kisha akaacha kuomba.

Ikapokelewa.

"Shikamoo," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Marahaba, Magi mwanangu." Sauti ilikuwa ya mzee wa kwenye filamu, haikuwa na shaka. Nyuma yake kuku walikuwa wanalia. "Filamu tumeiona huku, jirani aliileta. Usiwe na wasiwasi, watu wote nimewaambia kwamba mimi na wewe tulipanga. Unisamehe tu, mwanangu, siku ile sikujua kama upo kazini. Yule kuku bado tunakutunzia. Mama yako anauliza, nikimleta kuku tena nipitie wapi, nisije nikakuharibia."