Vimashua Kumi na Viwili

Ndoo ya kwanza Numbi aliimwaga bwawani kwa nguvu hadi maji yakamrukia usoni. Ya pili aliimwaga akitukana. Alipofika ya kumi, matusi ya Kiswahili yalikuwa yamemwishia, akahamia ya Kifaransa.

Ijumaa aliviacha vimashua vyote kumi na viwili vikavu, vimelala kifudifudi juu ya magogo, tayari kwa majira ya baridi. Leo Jumatatu asubuhi amevikuta vimegeuzwa chali, vimejaa maji hadi ukingoni. Juu ya kila kimoja turubai limetandazwa vizuri, kamba zimekazwa kwa mafundo mawili mawili.

Mafundo hayo aliyajua. Yalikuwa ya Papa Banza.

"Mchawi yule," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu.

Huku ughaibuni, Anderlecht, maji yakiganda huvimba, na mbao huachana. Numbi alifundishwa hivyo mwaka wake wa kwanza. Tayari utando wa barafu, mwembamba kama kioo, ulikuwa umeshika juu ya maji. Kimashua namba nne, kile kikuukuu, kilikuwa kimeelemewa na uzito. Ubao mmoja wa ubavuni ulikuwa umeachia.

Na saa sita Pieter, mwenye vimashua hivi vya kukodisha, angekuja kuvikagua. Akiridhika, Numbi angepata mkataba wa kudumu. Asiporidhika, basi. Bila mkataba huo, kadi yake ya ukaazi isingeongezwa.

Sababu ya ubaya huu hakuhitaji kuitafuta. Tangu Juni, mzee Banza alipofika kutoka kwao Kalemie, kando ya ziwa, walifanya kazi pamoja: Numbi akikata tiketi, mzee akivivuta vimashua kwa kamba. Lakini wakati wa baridi kazi ni ya mtu mmoja, na Pieter alimchagua Numbi. Ijumaa mzee alipita kuchukua koti lake. Alisimama mbele ya vimashua, akaupapasa ubao mmoja kwa kiganja.

"Mutabiacha bikavu hivi? Byote?"

"Byote, papa."

"Eh! Na bikiharibika, batafukuza nani?"

"Miye. Nani mwingine?"

"Bon," alisema mzee, akaondoka akitikisa kichwa.

Kumbe alikuwa anamtisha! Numbi aliipiga ndoo teke, ikabingirika hadi kwenye nyasi, akaifuata, akaendelea kuchota.

Pieter alipofika, sita vilikuwa bado vimejaa. Alivitazama, akamtazama na Numbi, aliyelowa hadi magotini.

"Nani kafanya hivi?"

Numbi, ambaye kwa kawaida mbele ya Pieter sauti yake haikufika mbali, safari hii hakusita. "Banza. Angalia mafundo. Umemwacha yeye, umenichukua mimi, na haya ndiyo malipo yake."

Pieter aliupapasa ubao ulioachia wa namba nne. Kisha akatoa bahasha kwenye koti. Ilikuwa barua ya sifa ambayo mzee alimwomba, ili aajiriwe kwenye ghala moja karibu na kituo cha treni cha Midi. Huko alitakiwa kuipeleka kesho yake.

"Nilikuwa nampelekea hii."

"Uichane," alisema Numbi.

Pieter akaichana mara mbili. Halafu akauweka mkataba juu ya tumbo la kimashua kilichokwisha kukaushwa, na Numbi akautia saini kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Hasira haikuisha. Alimaliza vimashua vyote, akaenda moja kwa moja kwenye majengo ya manispaa alikokaa mzee, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tano akiyapanga maneno atakayomtupia. Akaubamiza mlango kwa ngumi.

Papa Banza alifungua. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimefungwa vitambaa.

"Papa, njo weye ulijaza maji?"

Mzee alichungulia ngazini, kushoto na kulia, kisha akaweka kidole mdomoni.

"Sema polepole, mutoto yangu, Pieter asisikie. Kwetu mutumbwi ukikauka unapasuka, njo maana tunaujazaka maji. Nikaona umesahau ya kwetu. Jana kiisha misa nikajaza byote, ndoo kwa ndoo, basikufukuze. Akiuliza, sema ni kazi yako."

Numbi alirudi nyuma hatua moja.

"Mbona unasimama inje? Ingia, kuna chai," alisema mzee, akimtazama mikononi kwa furaha. "Alors, Pieter amekupa barua yangu?"