Simu ya Kuenea Kiganjani

"Ishike vizuri, na usisikilize," alisema mama.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Mita kwa sababu ya miaka aliyosoma mita za maji, aliisogeza ile simu kubwa sikioni mwa mkewe, kisha akatazama dari kama mtu asiye na masikio.

Upande wa pili alikuwa mdogo wake mama, ambaye hajainuka kitandani tangu mwaka jana. Dada hao wawili walizoea kuongea kila asubuhi, na mada yao kubwa ilikuwa Mzee Mita. Sasa mada yenyewe ndiyo iliyoshika simu.

"Shemeji yako hajambo," mama alisema kwa unyonge. "Mtu mwema sana. Ndiyo. Haya, basi."

Alipomaliza, hakugusa kalenda ya ukutani. Zamani kila walipoongea aliweka alama ya vema kwenye tarehe, na alama yake ilikuwa na mkia mrefu uliojikunja kama wa paka aliyeshiba. Mikia ilijaa mwezi mzima uliopita. Mwezi huu ilikoma tarehe nne.

Tarehe nne ndiyo siku Mzee Mita alipoikalia simu ndogo ya mkewe kwenye kochi. Ililia ka! kama biskuti.

Simu ile ilienea kiganjani mwa mama, kiganja ambacho vidole vyake vilikuwa vimekakamaa visiweze kufumba. Kidole gumba kilifika kila pembe ya kioo bila kuhangaika. Hii kubwa aliyoletewa ilikuwa imemponyoka mara tatu: mara mbili ikamwangukia mguuni, mara moja ikazama kwenye sufuria ya mchuzi, na mchuzi ndio ulioharibika.

Mzee alizunguka kwa mafundi simu wote wa mjini. Wa mwisho, mwanamke mwenye miwani ya kukuzia, aliishika ile ndogo kama anayepapasa kifaranga kilichokufa.

"Kioo chake hakitengenezwi tena, mzee wangu. Wala simu yenyewe. Hizi ndogo kampuni iliziacha, na kila siku watu wananililia hapa."

"Hata iliyotumika haipatikani?"

"Aliye nayo haiachii. Anaoga nayo."

Mzee alipopeleka habari hiyo nyumbani, mama alivaa viatu.

"Twende ofisini kwao. Nataka nimjue aliyewaambia kuwa watu tunataka simu kama ubao wa kukatia mboga."

"Mama watoto, wakubwa wale watatusikiliza sisi?"

"Watanisikiliza mimi. Wewe utabeba mwavuli." Akamnyooshea vidole vilivyopinda. "Ulipostaafu ukaanza vibarua vyako vya kuhesabu magari na kugonga milango ya watu, si ulitegua mguu? Nani alikumalizia kujaza makaratasi? Mkono huu! Siku tatu, bila kuuliza hata ni ya nini. Leo mkono huohuo umekosa simu ya kushika, na wewe unaniletea wakubwa."

Mzee akachukua mwavuli.

Njiani kulikuwa na manyunyu tu, lakini yeye alitokwa na jasho. Mara mbili alisema mguu unamuuma, warudi. Mara mbili mama alimwambia mguu uendelee kumuuma wakiwa wanatembea.

Karani wa malalamiko alikuwa dada mpole aliyewaamkia vizuri na kuwavutia viti. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, pamoja na habari za mchuzi.

"Pole sana, mama. Lakini kampuni haikuamua hivihivi. Wateja waliulizwa." Akainuka, akavuta droo, akarudi na jalada nene. "Mijini kote wanaotaka ndogo na wanaotaka kubwa walikaribia kulingana. Uliotuamulia ni mtaa mmoja. Fomu mia tano, na zote mia tano wamechagua kisanduku cha juu. Kubwa." Akasoma jina la mtaa, akainua macho. "Kumbe ndiko mnakotoka."

"Kwetu?" Mama aligeuka. "Kwetu hakuna aliyeulizwa! Mzee, wewe uliulizwa?"

"Sikuulizwa," alisema Mzee Mita, na hapo hakudanganya.

"Jirani aliulizwa? Yule wa duka? Si angenieleza? Yule hata akipiga chafya ananieleza!" Mama alipiga meza kwa ngumi isiyofumba. "Kuna mtu alikaa mahali akajijazia hizi. Mvivu mmoja, kisanduku cha kwanza kilichomwangukia machoni, basi, ananikatia maneno na mdogo wangu."

"Tuondoke, mama watoto. Yamekwisha pita."

"Hayajapita! Mkono ulioweka alama hizi nao ukakamae kama wangu!"

"Usiseme hivyo!" Mzee aliruka, mwavuli ukaanguka. Karani alishtuka. "Tafadhali. Usiulaani."

"Nitaulaani nikitaka. Binti, tupe hizo karatasi." Mama alipapasa mfukoni, miwani ilikuwa imebaki nyumbani. Akasukuma jalada mbele ya mumewe. "Haya, wewe mwenye macho. Umesoma mita za watu miaka thelathini. Nisomee na huu ni mkono wa nani."

Mzee Mita aliinamia jalada. Akafunua karatasi ya kwanza, akafunua ya pili, akaenda mpaka katikati, akaenda mpaka mwisho. Kila moja, kwenye kisanduku cha juu, ilikuwa na alama ya vema yenye mkia mrefu uliojikunja kama wa paka aliyeshiba.