Meli ya Kupita Chini ya Pazia

Eeh, meli. Ulisikia vizuri. Meli ya rimoti, urefu wake kama mbuzi amelala, na ilikuwa inaelea ndani ya nyumba, hapa hapa Kitale, penye ukitaka kuona maji mengi unangoja mvua.

Usifikiri Wahome alikuwa na wazimu. Alikuwa fundi wa redio, na shida yake ilikuwa mama mkwe.

Huyo mama alitoka Bungoma, na kwao, mkwe na mama ya bibi yake hawaangaliani uso, hawashikani mkono, hawapeani kitu. Wahome aliheshimu hiyo yote. Lakini miaka nane sasa, kila akija, mama anaketi nyuma ya pazia na hali kitu. Alituma neno kupitia kwa msichana wake, Naliaka, bibi ya Wahome: "Mwambie chakula ya mkwe naletewa na mkono ya mkwe. Ya mtu mwingine sitaki. Na ya kwake siwezi gusa."

Sasa hapo unafanya nini? Tangu atume hilo neno, mara mbili amerudi Bungoma na njaa yake. Alisema atakuja mara ya tatu, na akirudi tena bila kula, hakanyagi hapo maisha. Naliaka alikuwa amelia ya kutosha.

Wahome alianza na lori ya rimoti. Sakafu ikamwaga mchuzi wote. Akakaa, akafikiri, akasema maji haina mashimo. Akalaza mfereji wa mabati kutoka kwa meza yake, ukapita chini ya pazia, ukafuata ukuta mpaka kando ya kiti cha mama. Meli ingebeba bakuli kwa mkono wa mbao, ifike, mkono ugeuke, mama achukue. Chini aliweka betri ya pikipiki, uzito isipinduke.

"Baba Mathenge," Naliaka alimuuliza, "si utume tu mtoto apeleke?"

"Mkono ya mtoto si yangu."

"Hata hii ni ya mbao."

"Ni mbao yangu."

Taabu ikawa kugeuka. Kupita pale kwa pazia, mkono ulilalia upande wa ukuta. Kumfikia mama, ulitakiwa uzunguke nusu duara nzima. Na ulizungushwa na servo, kamota kadogo alikonunua kwa Hamdun, yule wa spea karibu na msikiti. Hako kalienda robo tu, kakasimama. Bakuli likabaki mbele ya meli kama taa ya gari. Tena lilikuwa linaruka kama panzi.

Kwa simu yake kulikuwa na kikundi cha watu wa meli za rimoti. Watu tisa Kenya mzima, na wawili waliingia kwa makosa. Huko Wahome aliitwa Kapteni wa Kitale. Mwenye alikuwa anamjibu ni mmoja tu, mwenye picha ya bata: Kapteni wa Bungoma, ambaye meli yake inarushia samaki chakula kwa bwawa. Hawakuwa wamepigiana simu hata siku moja. Waliandikiana tu, asubuhi kabla ya chai na jioni baada ya chai. Wahome hakusema kazi ya meli yake. Mtu hatangazi mambo ya mkwe kwa watu.

"Usinunue kitu, Kapteni," bata akaandika. "Kwa servo bandika kifuniko kubwa, ile ya dawa ya kuku. Kwa mlingoti wenye umeshika huo mkono weka ya soda, hiyo ni nusu yake. Zungusha uzi ya nailoni kwa zote mbili. Kubwa ikienda robo, ndogo inaenda nusu."

Wahome akafanya hivyo. Mkono ukazunguka nusu nzima, machozi ikamlenga.

"Lakini inatetemeka," akaandika.

"Ni haraka yako. Unasukuma rimoti kama unafukuza nyani kwa mahindi. Paka mafuta ya cherehani, halafu enda polepole, kama unafunika mtoto amelala."

"Huyu mtu siku moja nitamchinjia mbuzi," Wahome alimwambia bibi yake.

"Ati hata jina yake huijui?"

"Meli yake naijua."

Ijumaa akaandika kwamba kesho ndiyo kesho. Bata akajibu: "Mimi pia niko na safari. Polepole, Kapteni."

Jumamosi mama akafika na ndoo ya samaki. Naliaka akamketisha nyuma ya pazia. Kuku alikuwa ameiva, ugali umefunikwa, na hakuna mtu angegusa kabla ya mama. Watoto walimeza mate. Wahome akasimama kwa meza yake, akageuzia pazia mgongo, rimoti mkononi.

Meli ikaondoka. Ikapita chini ya pazia.

"Enda," Naliaka aliita kutoka ndani. "Enda. Basi, imefika. Sasa geuza."

Wahome akafunga macho, akafunika mtoto amelala.

Maji ikagonga bati kidogo. Halafu akasikia kitu hakusikia miaka nane: mfupa wa kuku ukivunjika kwa meno.

Naliaka akatoka, akajipangusa uso na leso. "Mayi anakula, mama yangu anakula," akasema. "Hata tone haikumwagika. Njooni mkae."

Wakanawa, wakaketi wote, ugali ukafunuliwa. Wahome alikuwa amemega tonge la kwanza wakati simu ililia kwa mfuko. Ni bata.

"Kapteni, kuna mtu huku Kitale ameiba ile akili yetu ya vifuniko viwili. Usikasirike. Ni mkwe wangu, na kuku yake ni tamu."