Kijana wa Nyuma ya Kiti

Sheria ilikuwa wazi: kila Mwafrika aliyechorwa na Waholanzi wa kale bila kutajwa jina atolewe pichani, aletwe Afrika aishi na familia. Akishindwa kuishi kama mtu huru, anarudishwa pichani.

Bi Tausi wa Tanga alimpokea wake kwa vigelegele, akamwita Sudi. Karne nne Sudi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha bibi wa Kiholanzi, ameshika sahani ya zabibu zisizoisha. Hapa pia akasimama na sahani yake, nyuma ya viti vya wenyeji wake.

"Keti, mwanangu! Wewe si pambo la sebule!"

"Sijazoea, mama."

"Mwache azoee taratibu," alisema Kibwana, mumewe, akidokoa zabibu kwenye sahani ile bila kugeuka.

Siku ya ukaguzi, afisa alipoingia tu, Sudi akavuta pumzi, akaweka sahani mezani, akaketi. Tena akakunja nne! Bi Tausi nusura alie kwa fahari.

"Hongereni," alisema afisa. "Huyu sasa ni wenu."

Bi Tausi akajiegemeza kitini kwa raha, akapeleka mkono nyuma ya bega bila kutazama. Mkono ukapapasa hewa. Wa Kibwana nao ulikuwa huko huko, unapapasa.

Afisa akaitazama mikono ile miwili.

"Zabibu ziko mezani, mama," alisema Sudi.