Kiti cha Tano

Kiti cha tatu kilivunjika Bonge akiwa katikati ya kicheko. Mguu wa nyuma ulialika kama muwa, na jirani huyo wa kilo mia na ishirini akajikuta ameketi sakafuni, kicheko bado kimo mdomoni.

“Umeumia?” aliuliza Fundi, penseli tayari juu ya daftari.

“Heshima tu ndiyo imeumia.”

Fundi akaandika: *Akicheka, uzito unaenda nyuma.* Alifurahi kwelikweli. Afadhali kivunjike leo chini ya Bonge kuliko Jumamosi chini ya baba mkwe.

Maana Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Mzee alikuwa ameshatuma neno kwamba jibu la kumwoza binti yake atalitoa akiwa ndani ya nyumba ya huyo kijana, akishaona anavyoishi, si kabla ya hapo. Na Fundi alikuwa amemwona mzee huyo kwenye picha moja tu, ya kifuani kwenda juu: mabega kama kabati, shingo haionekani. Mawazo yakamkimbilia palepale kwenye viti vyake viwili vya plastiki. Kinyozi hajinyoi, na seremala wetu, miaka tisa kazini, alikuwa bado anakalia plastiki.

“Kuna jambo kuhusu baba,” mchumba wake alianza kumwambia.

Fundi akainua mkono. “Usiniambie! Nataka nimshangaze. Fundi hujaribu mpaka agundue mwenyewe.”

“Kuuliza si ujinga, mpenzi.”

“Si ujinga, lakini kuambiwa kila kitu ni uvivu.”

Mchumba alimtazama, akabana midomo kama mtu anayezuia chafya.

Basi Fundi akajaribu. Kiti cha kwanza kilikuwa cha kadibodi, cha kukaa kiganjani, akakiwekea chupa ya gundi mgongoni aone kinaelemea wapi. Cha pili alikigongomea kwa mbao za makasha, ukubwa kamili, akakitwika mifuko miwili ya mchanga kutwa nzima. Kilistahimili. Lakini mfuko wa mchanga haucheki, haugeuki kuchukua chai, wala haujitupi kitini kama mtu aliyetoka safari. Ndipo alipoitwa Bonge, akaketi mara moja, na cha pili kikawa kuni.

Bonge alikuja kila jioni, na kila jioni alifika akihema. Nyumba ya Fundi ilikuwa imeinuliwa kukwepa maji ya mvua, na kuingia ndani sharti upande ngazi tatu ndefu za saruji.

“Ngazi zako hizi zitaniua kabla viti havijaniua, ndugu yangu.”

Fundi hakuliandika hilo. Daftari lilikuwa la kiti.

Cha nne hakikuvunjika, ila mikono yake ilimbana Bonge kiunoni, ikabidi avutwe kama kizibo. Mchumba alipita siku hiyo, akawakuta mmoja anavuta na mwingine anaapa kwamba hatakula tena maishani.

“Baba hajavunja kiti cha mtu miaka kumi na miwili sasa,” alisema.

“Kumbe huchagua pa kukaa!” Fundi akaandika: *Mteja mgumu. Nenepesha miguu.*

“Mimi ningekuwa wewe, ningeuangalia mlango.”

Fundi akauangalia. Kweli, rangi ilikuwa imebabuka. Akaupiga msasa, akaupaka kijani tabaka mbili, akamwita mchumba aje aone.

“Mlango unapendeza,” alisema mchumba, akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. “Nimemsimulia baba yote. Amesema nisikukatize.”

“Unaona? Mzee anaelewa kazi.”

Ijumaa kiti cha tano kilikuwa tayari. Mbao ngumu, miguu ya nyuma imelazwa kidogo, kila ulimi wa mbao umeingia kwenye tundu lake kwa gundi bila msumari hata mmoja. Bonge aliketi. Akacheka. Akageuka kuchukua chai, akajinyoosha, akapiga miayo, mwishowe akaruka juu na kujitupa kwa nguvu zote alizojaliwa. Kiti hakikusema hata “ai”.

“Hapa,” alisema Bonge kwa huzuni kidogo, “mimi sina kazi tena.”

Jumamosi saa nne gari lilisimama mbele ya nyumba. Fundi alikuwa juu ya ngazi, shati limepigwa pasi, mlango wa kijani wazi nyuma yake, na ndani, katikati ya chumba, kiti cha tano kikimetameta kwa vanishi. Bonge alikaa kando kwenye kiti cha plastiki, shahidi.

Mchumba alishuka kwanza. Hakumfungulia baba yake mlango. Alizunguka nyuma ya gari, akafungua buti, akatoa kitu kilichokunjwa, akakikunjua kando ya mzee. Mzee akajiinua kwa mikono yake minene kutoka kiti cha gari hadi kiti kile, akashika magurudumu, akajisukuma taratibu mpaka chini ya ngazi ya kwanza. Hapo akakoma, akanyoosha shingo kuchungulia ndani.

“Kiti nakiona, kijana. Kizuri sana. Ila mimi hutembea na changu.” Akaigonga ile saruji kwa kidole. “Na jibu lako nimekuja nalo. Lakini nilisema nitalitoa nikiwa ndani.”