Kiti Kimemkana Mwajabu

Siku hizi kiti hakimkubali mtu mpaka kisome mishipa ya miguu yake: imevimba, kaa; haijavimba, simama. Mwajabu, msusi wa miaka mingi, alikuwa na mishipa kama mizizi ya mhogo, na viti vyote vilimpenda. Kisha binti yake Zaituni akampeleka kuchomwa sindano za kuikausha, ili apendeze kwenye harusi moja ya ukoo.

Waliporudi, kiti cha jikoni kikagoma. “Bado kijana wewe. Simama.”

Alipojaribu kukaa chini, sakafu ikapiga king'ora.

“Mama, umerudi usichanani!” Zaituni akacheka, naye kasimama kama vijana wote. “Vumilia, mishipa itavimba tena.”

Mwajabu aliegemea ukuta, miguu ikiwaka moto, akajipapasa nyuma ya goti akiomba akute japo kauvimbe. Palikuwa laini.